Mjomba Hakufa kwa Homa

Nenda kwenye msiba wowote wa kijana hapa Dar es Salaam, kaa jamvini, sikiliza. Marehemu aliugua ghafla. Marehemu alisumbuliwa na kifua. Marehemu alikuwa na malaria ikampanda kichwani. Watu wanaitikia "Inna lillahi", wanapokea kahawa, na nusu yao wanajua fika kwamba marehemu alikutwa nyuma ya gereji, bomba la sindano likiwa bado mkononi. Hakuna anayesema. Turubai linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenye kuvikodisha, na pusha yuleyule aliyemuuzia marehemu anahamia kwa mdogo wake.

Mimi nimechoka na uongo huu. Mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, alizikwa kwa homa. Homa ndiyo iliyotangazwa msikitini, homa ndiyo waliyopigiwa simu ndugu wa Tanga na Unguja, na mpaka leo kuna shangazi zangu wanaosema "ile homa ya marehemu" bila kupepesa jicho. Namtoa leo kwenye homa hiyo. Jina lake silitaji kwa kuwa wanawe wapo na hawana kosa. Lakini mjomba alikula unga, yaani heroini, kwa zaidi ya nusu ya utu uzima wake, na unga ndio uliomuua. Na haukufanya kazi hiyo peke yake. Ulisaidiwa na ukoo wetu, ukoo wenye mashekhe wawili, mwalimu mkuu mstaafu, na woga wa majirani kuliko woga wa Mungu.

Alikuwa fundi wa kanzu, Magomeni. Fundi hasa, si wa kubadilisha zipu. Mtu akisimama mlangoni mjomba alimtazama mara moja, akaandika vipimo nyuma ya pakiti ya sigara, ndipo akachukua tepu ili kumridhisha mwenye kanzu tu. Darizi za shingoni alizitia kwa mkono, na siku za kuelekea Idi kibaraza chake kilijaa watu waliokubali kungoja hadi usiku wa manane kuliko kwenda kwa fundi wa pili. Mwanamume wa mizaha, shabiki wa Simba wa kupigana, mwenye kujua kila taarabu ya zamani na kuiimba vibaya.

Alianza kwa kuvuta. Unga wa kwanza kuenea mitaani ulikuwa wa kahawia, na vijana wa miaka ya tisini waliuchanganya na bangi wakaita kokteli. Ilikuwa starehe ya mabaharia na ya wenye fedha, kisha ikawa ya kijiwe. Halafu ukaja unga mweupe, ule unaoyeyuka kirahisi majini, na sindano ikaingia nao. Mjomba alikuwa na duka, mke na watoto. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua, maana mlaji wa unga si lazima awe yule anayesinzia akiwa amesimama kituo cha basi. Wapo wanaokwenda kazini kila siku, wakitoka na kete mfukoni kama wengine wanavyotoka na pipi.

Kisha fedha ikaisha na arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ikamfika dukani. Anayedhani arosto ni uvivu au maringo angemwona fundi yule, Februari, katika joto la Dar ambalo hata paka wanalikimbia, amejifunika blanketi, kamasi zinamtiririka, mifupa inamuuma, tumbo halishiki kitu, na mikono iliyotia darizi kwa miaka inashindwa kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano ya cherehani. Alijaribu, akalamba uzi, akajaribu tena, akasukuma cherehani ikaanguka. Jioni ile aliiuza.

Simpambi. Aliiba. Aliondoka na mtungi wa gesi, na redio, na kanzu za wateja zilizokwisha kulipiwa. Aliiba pete ya ndoa ya mama yangu. Mtaani wakamwita teja, na teja hapa kwetu akipita karibu na kamba ya nguo watu wanaanza kutafuta mawe. Mara mbili aliponea chupuchupu. Wenzake wengine hawakupona, walichomwa kwa tairi kwa kosa la kubeba sufuria, na kesho yake watu hao hao waliowachoma walikwenda kuswali.

Ukoo ulimtibu kwa kila kitu isipokuwa tiba. Kwanza walikwenda kwa mganga Bagamoyo, akaona jini, akala mbuzi wawili. Kisha wakaona dawa ni mke mpya, baada ya yule wa kwanza kuchoka na kurudi kwao. Binti wa watu akaletwa kutoka Rufiji bila kuambiwa neno, akaja kugundua mwenyewe mume aliyepewa. Huo nao ni wizi, lakini kwa kuwa ulifanywa na wazee wenye kofia haukuitwa hivyo. Kisha wakampeleka kwenye nyumba moja iliyojitangaza kuwa inarekebisha walevi. Zipo soba hausi zinazofanya kazi njema, nyingine zinaongozwa na watu waliopita njia hiyo hiyo, na nawaheshimu. Hii haikuwa mojawapo. Mjomba alirudi na kovu la mnyororo kwenye kifundo cha mguu, na kabla jua halijazama alikuwa maskani.

Kilichomrudisha duniani ni kikombe kidogo cha maji ya dawa.

Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, miongoni mwa za kwanza kabisa za umma katika Afrika kusini mwa Sahara. Baadaye ikaongezwa Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Arusha. Mjomba aliandikishwa katika mojawapo. Siitaji, si kwa ubaya, ila nisije nikawaletea wahudumu wake shida. Mama ndiye aliyemsindikiza asubuhi zile za mwanzo kwa daladala, maana hakuna ndugu mwingine aliyekubali kukaa naye siti moja. Anafika, anapanga foleni, anaitwa dirishani, anapewa kikombe, anameza mbele ya muuguzi. Kisha muuguzi anamsemesha: "Habari za nyumbani?" Si adabu tu hiyo. Anataka asikie kinywa kitupu kikijibu, ajue dawa imeshuka na haikutunzwa shavuni ikauzwe nje.

Kila siku. Jumapili, sikukuu, mvua ya masika. Mtu aliyeitwa mvivu na asiye na msimamo aliamka kila siku ya Mungu kufuata kikombe kile, na wale waliomwita hivyo hawajawahi kumaliza dozi ya siku tano ya dawa ya jino.

Mikono ikarudi. Alikopa cherehani, akaanza na viraka, sare za shule, mapazia. Pete ya mama alianza kuilipa kwa kumshonea madera, fundi wa kanzu huyu aliyekuwa akiwacheka mafundi wa madera, na kila moja alilitia ukingo kwa mkono kana kwamba ni joho la bwana harusi. Watoto wake wakaanza kulala kwake mwisho wa wiki. Akanenepa. Wale mashekhe wawili wakaanza kuitikia salamu yake.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Methadoni hiyo nayo si unga tu? Si ametoka ulevi huu kaingia ule? Serikali inawagawia mateja unga wa bure, tena kwa fedha za Wazungu! Nimeyasikia haya barazani, kwenye daladala, kwa watu waliosoma, na kwa mfamasia mmoja ambaye ningependa kuona cheti chake.

Basi sikilizeni. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, kweli, na hakuna daktari anayeficha hilo. Lakini heroini inapanda kwa sekunde na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mlaji wake anasaka kete asubuhi, mchana na usiku, na kati ya hapo anaiba. Methadoni ikinywewa kwa kipimo inakaa mwilini siku nzima, haimpandishi wala haimwangushi, inamwacha ashone. Haipitii mshipani, hivyo hakuna bomba la kuchangia, na palipo na bomba la kuchangia ndipo penye UKIMWI na homa ya ini. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, humo humo zilimo dawa za malaria na insulini. Mbona hatumwambii mwenye kisukari kwamba amebadilisha ulevi wa sukari akaingia ulevi wa insulini?

Kuna jambo moja zaidi ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa unga inapaswa kulijua kama inavyojua namba ya simu ya zimamoto. (Najua, hatuijui hiyo pia.) Mwili wa mlaji wa unga hujenga ustahimilivu, kiasi kinachomtuliza yeye kingetuua mimi na wewe. Akiacha kwa wiki kadhaa, iwe ni jela, ni mnyororoni, au kwa kukatishwa dawa, ustahimilivu ule unaporomoka. Tamaa haiporomoki. Siku akirudi akajidunga kiasi chake cha zamani, pumzi inasimama. Kipindi cha hatari kuliko vyote kwa mtu wa unga ni wiki za kwanza baada ya kutoka kwenye tiba, wakati familia inashangilia kwamba sasa ameacha kabisa.

Kikao cha ukoo kilikaa mwezi wa Shaaban. Agenda: haifai mtu aingie Ramadhani huku anakunywa dawa ya Wazungu mchana kweupe. Mama alisema mgonjwa ana ruhusa, Suratul Baqara imeliweka wazi, atalipa baadaye au atatoa fidia, mbona mnawaruhusu wenye vidonda vya tumbo? Mwalimu mkuu mstaafu, aliyefundisha watoto wa nchi hii kusoma, akamjibu: huyu si mgonjwa, huyu ni mlevi. Mama akaambiwa anamlea. Mjomba alikaa kimya pembeni, mtu mzima mwenye mvi, akajadiliwa kama mbuzi mnadani. Akakubali. Alikuwa amengojea miaka mingi ukoo ule umtazame usoni, na hiyo ndiyo bei waliyomtajia.

Alifunga mwezi mzima. Arosto ya methadoni ni ya polepole, haina haraka ya kuondoka. Aliibeba huku amevaa kofia na kushika tasbihi. Msikitini walimpongeza hadharani. Siku ya Idi aliswali safu ya mbele, kanzu aliyoishona mwenyewe. Kabla Mfungo Mosi haujaisha alikutwa chooni kwenye nyumba ya kupanga, kiasi kile kile cha zamani katika mwili usiokuwa tena wa zamani.

Waliomwosha waliiona mikono. Wakakumbushwa kwamba mwosha maiti hasemi alichokiona. Ni adabu nzuri ya dini yetu, imewekwa kumsitiri maiti. Sisi tuliitumia kuusitiri ukoo.

Sasa niulize: ukimya ule ulimfaa nani? Marehemu haukumfaa. Wanawe haukuwafaa, maana wanajua. Ulimfaa mwenye mzigo. Unga haumei Magomeni. Unatoka Afghanistan, unashuka mpaka pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini, unakatiza Bahari ya Hindi na kushuka kwetu, Kenya, Tanzania, Msumbiji. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, Darwin, ilikamata jahazi moja mbele ya pwani ya Afrika Mashariki likiwa na kilo 1,032 za heroini. Jahazi moja. Desemba 2023 Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Nawapongeza, na si kwa kejeli. Lakini mzigo wa tani tatu hauletwi na mtu mwenye ndala. Una magari, una maghala, una watu wanaopokea simu usiku na kuamua wasione.

Majirani zetu wa Mombasa wanaujua mwisho wa hadithi hii. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walishitakiwa Kenya kwa biashara ya unga, kesi ikavutwa miaka, ikaahirishwa na kuahirishwa. Januari 2017 wakapelekwa Marekani. Huko wakakiri makosa, pamoja na kuhonga maofisa nyumbani ili wasiguswe, na mahakama ya New York ikampa mmoja miaka 25 na mwingine 23. Ilibidi haki ya watoto wa Kisauni na Majengo ikatafutwe ng'ambo ya Atlantiki.

Kwetu, Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alisimama mbele ya kamera na kutaja majina ya wasanii na watu maarufu, wakaitwa polisi. Nchi ilisisimka kwa wiki kadhaa, tukahesabu nani katajwa na nani kasahauliwa. Mjomba aliyafuatilia kwenye redio yake dukani, akacheka mpaka akakohoa, akasema hao wanaotajwa ni wanunuzi kama yeye, ila wananunua wakiwa wamevaa miwani.

Huruma nayo tunaigawa kwa cheo. Mwimbaji Rehema Chalamila, Ray C, alipougua ugonjwa huu nchi ililia naye. Rais Kikwete alimsaidia kupata matibabu, na mwaka 2012 alikwenda Ikulu na mama yake kushukuru. Ilikuwa vizuri, na ujasiri wake wa kusema wazi umeokoa wengine, wala sina neno naye. Ninalo neno na sisi, tuliomwombea dua jioni na asubuhi tukamrushia jiwe kijana aliyelala chini ya daraja la Jangwani. Ugonjwa ni mmoja. Ray C alikuwa na sauti, huyu alikuwa na gunia la chupa.

Na kama malipo ya mlevi mwanamume ni jiwe, ya mwanamke ni nini? Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka jiji hili hili la Dar es Salaam kwamba wanawake maskini wa unga walikuwa wakigawana damu: aliyepata kete akijidunga anavuta damu yake mwenyewe bombani, anampa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu ile ili apunguze makali ya arosto. Dunia nzima ya watabibu ilishtuka. Sisi hatukusikia, tulikuwa kwenye kitchen party. Wanaume ndio waliojaa kliniki mpaka leo, kwa sababu mwanamke wa unga akijitokeza ananyang'anywa watoto na mawifi kwanza, tiba baadaye. Nani alimpa wifi kazi ya hakimu?

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa nimemwaibisha marehemu, kwamba siri ya nyumba hutunzwa ndani. Nimeitazama siri hiyo ikitunzwa. Mtoto wa binamu yangu, kijana wa miaka ya kuota ndevu, ameanza kusinzia mezani. Anajikuna pua. Juzi simu ya baba yake haikuonekana. Mashekhe wetu wawili wamekwisha kusema wana mganga mzuri, safari hii wa Mlingotini.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa nyumbani ampeleke kwenye kliniki ya methadoni iliyo karibu naye; huduma haitozwi. Mbunge anayelia machozi ya jimbo lake aeleze bungeni kwa nini mtu anayeishi mbali na kliniki apande daladala mbili kufuata kikombe kimoja, na kwa nini naloksoni, dawa inayoweza kumrudishia pumzi aliyezidiwa na unga, haipo mikononi mwa mama anayelala chumba kimoja na mwanawe mgonjwa. Polisi aache kujaza karandinga kwa vijana wa kete moja kila anapodaiwa takwimu, apande ghorofa ambako takwimu zenyewe zinaishi.

Na wewe khatibu, nakuomba jambo dogo. Shaaban ijayo, katika hotuba moja ya Ijumaa, sema kwamba anayekunywa methadoni ni mgonjwa, ana ruhusa ya mgonjwa, na asiiache bila daktari wake, hata ukoo ukikaa vikao. Dakika mbili zinatosha. Ukiona haya kuyasema, mpe kipaza sauti mama yangu.